Kalamu Kwenye Tundu la Athi: Makongolosi na Historia ya Kinga ya Vifaa Vidogo vya Umeme

Soketi ya ukutani nchini Tanzania ina matundu matatu. Mawili ya chini yanaleta umeme. La juu, lililo kubwa kuliko mengine, ni la athi, njia ya kuupeleka ardhini umeme uliotoka nje ya mkondo wake. Mwenye chaja ya pini mbili huchomeka kalamu kwenye tundu hilo la juu ili vifuniko vya chini vifunguke, chaja ikaingia, taa ikawaka, na kazi ya athi ikaishia hapo. Jambo hili hufanyika Mbeya mjini, hufanyika Iringa, na hufanyika Makongolosi, mji wa dhahabu ulio kaskazini mwa Chunya, ambako maduka ya wanunuzi wa madini, vibanda vya miamala ya simu, saluni na makarasha ya kusagia mawe hula kwenye laini moja ya umeme. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, ving'amuzi, runinga, ruta na chaja huanza kuungua, na mwenye mali akiulizwa nani alaumiwe hutaja mmoja kati ya wawili: radi au TANESCO, shirika la umeme.

Wote wawili wana sehemu yao. Lakini ukifuatilia jinsi vifaa vya umeme vilivyoingia nyanda hizi, hatua kwa hatua, unakuta sababu ya tatu iliyo kubwa zaidi. Zamani ardhi ilikuwa sehemu ya kazi ya kifaa, na kifaa kisingefanya kazi bila hiyo. Kwa hiyo ilitunzwa. Baadaye ardhi ikawa kinga tu. Kifaa kikawaka vizuri hata bila athi, na kitu ambacho kukosekana kwake hakuonekani mpaka siku ya maafa hakina mtu wa kukidai. Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa hapa.

Ardhi ilipokuwa waya: hadi 1945

Benjamin Franklin alipopendekeza fimbo ya chuma ya kupokea radi katikati ya karne ya 18, wazo lake lilikuwa ambalo mafundi wanalitumia hadi leo: umeme wa radi hauzuiwi, huonyeshwa njia rahisi ya kufika chini. Kifaa cha kwanza kilichohitaji kinga ya aina hiyo kwa wingi kilikuwa telegrafu. Waya wake ulitambaa mamia ya kilomita juu ya nguzo, wazi kabisa, ukikusanya kishindo cha kila radi iliyopiga jirani. Septemba 1859, dhoruba kubwa kutoka kwenye jua ilitia umeme katika nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani kiasi kwamba baadhi ya waendeshaji walipigwa shoti, na wengine wakaweza kutuma ujumbe baada ya kuondoa betri. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba waya mrefu ni mtego, na kwamba hatari ya kifaa kidogo mezani hutegemea urefu wa waya kinachofungwa nao.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani nyaya za telegrafu zilianzia pwani miaka ya 1890. Upande wa kusini, kampuni ya Cecil Rhodes iliyoota kuunganisha Cape na Cairo ilivuta waya wake kutoka Nyasaland kupitia pembe ya Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, na ndoto ikaishia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Telegrafu za enzi hizo kwa kawaida zilikuwa za waya mmoja: mkondo ulikwenda kwa waya na kurudi kwa ardhi. Kituo chenye athi mbovu hakikuweza kuongea na kituo kingine. Karani aliyeona ujumbe unafifia wakati wa kiangazi alijua pa kuanzia, kwa kuwa udongo ukikauka hupitisha umeme kwa shida. Kinga ya radi, ambayo ilikuwa vipande viwili vya metali au kaboni vilivyoachana kwa nafasi nyembamba, ilining'inizwa kwenye athi hiyohiyo iliyokwisha kutunzwa kwa ajili ya kazi. Hakuna aliyelipia kinga peke yake.

Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilipoleta watu miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu hiyo, redio zilifuata. Ndege za Imperial Airways zilizoanza safari za kwenda Cape mwaka 1932 zilitua Mbeya, na njia ndefu ya namna ile isingeendeshwa bila mawasiliano ya redio na taarifa za hali ya hewa. Redio za wakati huo zilikuwa za valvu, na nyuma yake zilikuwa na sehemu mbili za kufungia waya: moja ya antena, nyingine ya athi. Bila athi nzuri stesheni za mbali hazikusikika. Tena valvu ni kitu kigumu. Ndani yake hufanya kazi kwa mamia ya volti, na mpigo wa umeme wa sehemu ya milioni ya sekunde ambao leo ungeua simu ungeifanya valvu itoe mlio tu. Migodini nako umeme ulikuwa wa hapohapo. Mgodi wa Saza, uliofanya kazi kati ya 1939 na 1956, ulikuwa sehemu ya uchumi uliojitegemea kwa mashine zake. Nyaya zilikuwa fupi, na waya mfupi haukusanyi mengi.

Redio iliyokatwa kutoka ardhini: 1951 hadi 1975

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na miaka michache baadaye transista iliondoa valvu. Mabadiliko haya husimuliwa kama habari ya bei na uzito: redio ikawa ndogo, ikabebeka, ikanunulika. Kuna jambo jingine lililotokea kimyakimya. Redio ya transista ilikuwa na kijiti cha feraiti ndani yake kilichofanya kazi ya antena, na haikuhitaji athi. Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri za National zikafika kwenye maduka ya vijijini ambako nguzo ya umeme haikuwa imeonekana. TANESCO na DARESCO, kampuni mbili zilizogawana nchi tangu 1931, zilikuwa zimejenga mtandao wa miji ya pwani, mashamba ya mkonge na reli ya kati. Hata baada ya serikali kununua hisa zao mwaka 1964 na kuziunganisha, wilaya kama Chunya zilibaki pembeni ya ramani hiyo.

Mtu anaweza kupinga: hakuna kilichopotea hapo, kwa sababu redio ya betri haihitaji kinga. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna wa kulaumiwa. Kifaa chenye nyaya za urefu wa kiganja, kisichounganishwa na chochote, hakipati madhara ya radi isipokuwa kipigwe chenyewe. Lakini kizazi kizima cha Nyanda za Juu Kusini kilijifunza kutumia elektroniki kwa njia hiyo: unaweka betri, unawasha, basi. Umeme wa gridi ulipofika ulikuta mazoea hayo tayari, na ukaletwa kwa watu ambao hawakuwahi kuona kifaa kikigoma kwa kukosa ardhi.

1971: chipu na varista

Mwaka 1971 mambo mawili yalitangazwa, moja likijulikana na kila mtu, la pili likijulikana na mafundi wachache. Intel ilitoa chipu ya 4004, kompyuta ndogo ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Na Michio Matsuoka, mtafiti wa Matsushita, kampuni ileile ya betri za National, alichapisha maelezo ya tabia ya ajabu ya kauri ya oksidi ya zinki. Kauri hiyo ikiwa kwenye volti za kawaida huzuia umeme kama jiwe. Volti zikivuka kiwango fulani hufunguka mara moja na kupitisha mkondo mkubwa, kisha volti zikishuka hufunga tena. Siri yake ni mipaka kati ya chembe na chembe. Kila mpaka huvumilia takriban volti 3, kwa hiyo mtengenezaji akitaka kiwango kikubwa huongeza unene wa kidonge. Kidonge hicho ndicho varista, na kipo leo ndani ya ekstensheni nzuri, ndani ya runinga, na kwa umbo kubwa juu ya nguzo zenye transfoma.

Chipu na varista zilikua pamoja. Chipu nyingi za miaka ya 1970 zilitumia volti 5. Za miaka ya 1990 zilitumia 3.3. Kiini cha simu ya leo hutumia takriban volti 1, na utando unaozuia umeme ndani yake una unene wa nanomita chache. Kadiri kifaa kilivyosinyaa ndivyo kilivyohitaji mlinzi, na mlinzi alikuwa tayari. Tatizo ni kwamba varista haimezi mpigo wa umeme wote, huuelekeza kwingine. Katika nyumba ya volti 230 varista ya kawaida huruhusu mpigo ufike volti mia kadhaa kabla ya kuubana, na mkondo inaouchepusha ni lazima uwe na pa kwenda: nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, na zaidi ya hapo, athi. Kila inapopigwa inachoka kidogo. Na ikiachwa kwenye volti za juu kwa sekunde nyingi, si sehemu ya milioni ya sekunde, hupata joto, hupasuka, wakati mwingine huwaka moto.

Upande wa kelele za mawimbi, yaani kifaa kimoja kukisumbua kingine bila kuguswa, nchi za viwanda zilianza mapema zaidi. Kamati ya kimataifa ya CISPR ilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kwa sababu ya malalamiko ya wasikilizaji wa redio. Ulaya ilipitisha agizo lake la mwaka 1989, na kuanzia Januari 1996 hakuna kifaa kilichoruhusiwa sokoni humo bila kuthibitishwa kwamba hakisumbui na hakisumbuliwi. Vipimo hivyo hufanyika maabara, vifaa vikiwa vimewekwa juu ya bamba la chuma lililofungwa kwenye athi safi. Chaja iliyofaulu huko imefaulu ikiwa na ardhi chini yake. Alama iliyopigwa mgongoni mwake haisemi lolote kuhusu nyumba isiyo na rodi ya athi.

Gridi yapanda milima: 1975 hadi 2007

Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na katikati ya miaka ya 1980 laini ya kilovolti 220 ilipanda kutoka huko kupitia Iringa na Mufindi, kilipojengwa kiwanda cha karatasi, hadi Mbeya. Kwa miji hii ilikuwa hatua kubwa. Kwa habari ya kinga, laini kubwa kama hizo zilijengwa kwa kanuni za telegrafu zilizokomaa: juu ya minara ya chuma hupita waya wa ulinzi usiobeba umeme, ambao radi huugusa kwanza na kuteremshwa na mnara hadi ardhini, na kila kituo cha kupozea kina vikinga radi vikubwa na matandiko ya shaba yaliyozikwa chini yake.

Kutoka Mbeya kwenda Chunya na kupita hadi Makongolosi mambo ni mengine. Laini za kilovolti 33 za nguzo za miti kwa kawaida hazina waya wa ulinzi juu. Zinapanda ukingo wa milima ya Mbeya, zinashuka upande wa pili kwenye miyombo, na zinakwenda mbali kwa njia moja bila njia mbadala. Radi haihitaji kuzipiga moja kwa moja. Ikipiga mti ulio hatua mia moja kando, mpigo wa makumi ya maelfu ya volti unazaliwa kwenye waya na kukimbia pande zote mbili. Kinachousubiri ni kikinga kilicho kwenye transfoma ya mtaa, na kikinga hicho kina nguvu sawa na athi yake tu.

Katika kipindi hiki ndipo lawama kwa TANESCO ilipozaliwa, na haikuzaliwa bure. Migao ya umeme ya miaka ya 1990, kisha ya 2006 na 2011, iliwafundisha watu kwamba umeme unaporudi huja na madhara. Fundi anajua kwa nini: friji, mota na pampu zote zilizoachwa zimewashwa hudai mkondo kwa pamoja, volti zinazama kisha zinapaa, swichi za laini hutoa cheche, na vifaa vidogo vilivyo katikati ndivyo vinavyolipa. Lakini mgao uliisha, na vifaa viliendelea kuungua.

Shilingi 27,000: kuanzia 2007

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 na kubadilisha sura ya nchi kuliko taasisi yoyote ya umeme kabla yake. Bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili kukabuniwa UMETA, Umeme Tayari, ubao wenye soketi na breka unaomwezesha mtu kuwasha taa bila kusuka nyaya nyumba nzima. Mwandishi huyu anaona huo ni uamuzi sahihi, na hoja ya makala haisimami dhidi yake. Ila bei ilishuka kwa umeme, haikushuka kwa athi. Kutoka nguzoni hadi kwenye nyumba ya kawaida hufika nyaya mbili, laivu na nyutro. Athi ni rodi anayoifukia mwenye nyumba kwa gharama yake. Mpaka wa wajibu umechorwa ukutani, na kinga yote ya kifaa kidogo imeangukia upande wa asiye na fedha wala ujuzi wa kuipima.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Rodi ya mita 1.5 ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu na mfinyanzi, wa aina inayopatikana mabondeni Kyela, hesabu za kawaida za uhandisi huipa ukinzani wa omu 30 hivi. Rodi hiyohiyo kwenye udongo mkavu wa changarawe juu ya mwamba wa graniti hupata kama omu 600. Makongolosi iko upande mkavu wa milima, juu ya miamba ya kale ambayo ndiyo iliyobeba dhahabu, na ambayo kwa athi ni adui. Ampea 1,000 tu, ambazo ni sehemu ndogo ya radi moja, zikipita kwenye omu 600 huinua athi yenyewe hadi volti 600,000. Kanuni za zamani za Waingereza za kinga ya radi zilitaka ukinzani usizidi omu 10. Mhandisi aliyesoma kanuni hizo akiwa na mawazo ya udongo wa Uingereza angeshangaa kuona tofauti ambayo kilomita mia chache huweza kuleta ndani ya nchi moja.

Halafu kuna wizi. Waya wa shaba unaoshuka kwenye nguzo ya transfoma kwenda ardhini una bei kwenye biashara ya vyuma chakavu, na shirika limelalamika mara nyingi kuhusu kuibiwa nyaya na mafuta ya transfoma. Ukikata waya huo taa za mtaa hazizimiki. Hakuna anayepiga simu kutoa taarifa, kwa sababu hakuna anayeona tofauti, mpaka mvua ya kwanza.

Nyutro ikikatika ni balaa jingine, na hili halina uhusiano na radi. Nyumba zilizo kwenye fezi tatu tofauti hubaki zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kati ya volti 400, na nyumba yenye mzigo mdogo, pengine taa moja na chaja ya simu, hubeba sehemu kubwa ya volti hizo. Na mji wa makarasha una namna yake ya tatu ya kuumia. Mwisho wa laini ndefu wenye mota nyingi mchana huwa na volti za chini, hivyo transfoma hurekebishwa ili kuinua. Usiku makarasha yakizimwa, mzigo unaondoka, na volti zilizoinuliwa kwa ajili ya mota zinabaki kwa ajili ya runinga. Mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingia na baadhi ya mabwawa mengine kuzimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, wapo waliodhani ziada hiyo ndiyo inayounguza vifaa. Ziada ya megawati haipandishi volti za nyumba ya Makongolosi. Kinachozipandisha kipo karibu zaidi, kwenye transfoma ya mtaa na nyutro yake.

Kelele za mji wa dhahabu

Kuungua huonekana. Kusumbuliwa na mawimbi hakuonekani, na mji wa dhahabu una vifaa viwili vinavyoumia kwa hilo kuliko vingine. Cha kwanza ni mizani. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa nchini mwaka 2019, Chunya ikiwemo, dhahabu hupimwa kwa mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Ndani yake, uzito hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu ya volti, kisha hukuzwa. Simu ya teknolojia ya zamani ya GSM hurusha mawimbi kwa mipigo 217 kila sekunde, yenye nguvu ya hadi wati 2. Ule mlio wa trr trr unaosikika kwenye spika kabla simu haijaita ni mipigo hiyo ikiingia pasipotakiwa. Ikiingia kwenye mizani isiyokingwa, namba hucheza. Cha pili ni detekta ya kutafutia vipande vya dhahabu, ambayo kazi yake nzima ni kusikiliza mwitikio hafifu kutoka ardhini. Chini ya laini ya umeme, au jirani na mashine ya kuchomelea, husikia kila kitu isipokuwa dhahabu.

Wazalishaji wa kelele wako kila kona: mota za makarasha, mashine za kuchomelea, inveta za bei nafuu, na balbu za LED zilizotengenezwa bila kichujio. Kichujio ni koili na kapasita, vitu vya senti chache, na mtengenezaji wa bidhaa hafifu huanza kubana matumizi hapo. Hata kifaa chenye kichujio kizuri kinahitaji ardhi. Kuna kapasita ndogo zinazounganisha njia ya umeme na gamba la chuma la kifaa ili kelele ziteremke kwenye athi. Pasipo athi, gamba lile huelea kwenye karibu nusu ya volti za nyumba. Msisimko mdogo anaousikia mtu akigusa kompyuta ya mapajani au king'amuzi huku akiwa peku sakafuni ni mkondo wa kapasita hizo, chini ya sehemu ya elfu ya ampea, ukimtumia yeye kama rodi. Wengi huuchukulia kama ubovu wa kifaa. Kwa kifaa chenye pini ya athi, ni dalili kwamba athi haifanyi kazi.

Gadi na wanaoitegemea

Jibu la soko kwa haya yote lilikuwa friji gadi na TV gadi, kisanduku kinachochomekwa ukutani na kifaa kikachomekwa humo. Wanaokitetea wana hoja nzito: kinauzwa dukani, hakihitaji fundi, na nyumba zilizokinunua zimeokoa mali nyingi bila rodi yoyote. Ni kweli, na sababu yake ifahamike. Ndani yake kuna rilei inayokata umeme volti zikipanda au kushuka kupita kiasi, na inayosubiri kwa muda kabla ya kurudisha. Kwa nyutro iliyokatika, kwa umeme unaorudi baada ya kukatika, kwa volti za usiku wa makarasha, gadi ni dawa hasa. Lakini rilei ni chuma kinachotembea. Kinahitaji sehemu kadhaa za elfu ya sekunde kufunguka, na mpigo wa radi umekwisha kupita mara nyingi kabla yake. Kilichobaki hapo ni varista, na varista inadai njia ya kwenda ardhini. Mnunuzi amelipia kinga mbili na ameunganisha moja.

Wengine husema chaja za sasa zinavumilia kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo gadi na athi zote ni mambo ya kizamani. Uwezo huo ni wa volti zinazodumu, na umesaidia kweli kwenye volti za chini za mchana. Hauhusu mpigo wa volti elfu kadhaa. Na unahusu chaja halisi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba za utambulisho zilizo ndani ya kila simu. Chaja haina namba, wala ekstensheni. Shirika la Viwango, TBS, lilianza mwaka 2012 kutaka bidhaa zikaguliwe kabla hazijasafirishwa kuja nchini, lakini kitu kinachotosha mfukoni kina njia nyingi za kuingia.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi wenyewe. Ikiwa udongo wa Makongolosi unatoa omu 600, kwa nini mtu maskini afukie rodi isiyofaa? Tena ndege hupigwa na radi angani, mbali na udongo wowote, na vyombo vyake vya elektroniki vinabaki vizima. Mfano wa ndege unabomoa nusu ya imani iliyozoeleka kuhusu athi na kuimarisha nusu nyingine. Ndege huokoka kwa kuwa mwili wake wote ni chuma kilichoungana: sehemu zote hupanda volti pamoja, na panapokosekana tofauti hakuna mkondo wa kuunguza kitu. Kinachoua king'amuzi mara nyingi ni kufungwa kwenye nyaya mbili zinazotoka pande mbili, umeme kutoka nguzoni na kebo kutoka dishi la juu ya bati, na siku ya radi moja kupanda maelfu ya volti huku nyingine ikibaki chini. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Mbeya mwaka 2013, madishi yameongezeka, na kila dishi ni waya wa pili unaoingia ndani.

Kwa hiyo swali la gharama linabadilika. Rodi moja kila nyumba kwenye mwamba ni fedha iliyopotea kwa sehemu kubwa. Mtaro wa mita 20 wenye kina cha nusu mita, ukilazwa utepe wa chuma cha mabati ambao mwizi wa shaba hautaki, hushusha omu 600 hadi kama 90 kwenye udongo uleule, na safu ya fremu za maduka inaweza kuuchangia. Ndani ya duka, kazi iliyobaki ni kufunga gamba la kebo ya dishi, athi ya soketi na ubao wa mita ya LUKU kwenye kituo kimoja kwa waya wa mita chache. Kikwazo cha hatua hii ya mwisho si fedha. Dishi hufungwa na fundi wa dishi, nyaya husukwa na fundi umeme, mita huletwa na shirika, na watatu hao hufika kwa siku tofauti, kila mmoja akiondoka baada ya kuona kwamba kifaa chake kimewaka.